Vifaranga Bila Maganda

Jumatatu jioni, Kinyinya

Siamini hata kidogo. Jumamosi, tulipomaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, umeme ulikatika mpaka usiku, na boksi letu la kuangulia mayai darasani halina joto bila taa yake. Leo asubuhi nakuta vifaranga tele humo, wakavu, wanadonoa chakula kama wenyeji. Kifaranga aliyetoka gandani usiku huwa mlegevu, hajui hata kudonoa punje.

Mkuu wa shule alikuwa mlangoni. "Mungu ni mwema, mwalimu," akasema, bila kuniangalia. Kesho wageni wa wilaya wanakuja kuona darasa letu.

Watoto walifurahi. Ineza wa dawati la mbele peke yake ndiye aliyeuliza, "Ticha, maganda yako wapi?"

Nikamwambia yamefagiliwa. Sijui kwa nini nilimkingia kifua mkuu wa shule.

Baada ya masomo nilienda kwenye shimo la taka. Mayai yetu yalikuwa humo, na alama zetu za penseli za kujua upande wa kugeuza. Nikayaweka sikioni moja moja.

Moja linagonga.

Ninalo hapa kifuani, ndani ya kitenge. Kesho litakuwa mikononi mwa Ineza, wageni wakiangalia.