Mwanga Penye Ukuta wa Moto

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha salama. Je, kifua cha mama kimepoa? Na mwanao, yale meno ya mbele yameshaota? Sisi huku wazima, ila magoti yangu yanasema kuliko mimi.

Barua yako niliisoma nimesimama. Unataka nikuapie kama mumeo anakunywa, maana mimi ndiye ninayeshinda karakana moja na ndege anayoirusha. Unasema alikuwa akirudi macho mekundu, ulimi mzito, na siku ile akalisahau jina la mwanawe, ndipo ukafunga mizigo. Sikulaumu. Ila nivumilie, jibu langu linapitia kwenye ndege.

Unanijua kwa udadisi. Mama husema nitachungulia hata kaburi langu. Basi, mbele ya miguu ya rubani kuna bati tunaloliita ukuta wa moto, linalotenga injini na watu. Kebo hupita humo kwenye matundu, na kila tundu limevishwa mpira mdogo wa duara, kama kitufe kilichotobolewa, ili kebo isisagike na moshi usipenye. Juzi fundi mkuu, tunayemwita Babu Spana, aliniambia nijikunje pale chini, akanifunika blanketi, kisha akamulika tochi upande wa injini. Nikamwambia naona mwezi mwandamo kando ya kebo. Akanijibu, "Mama, huo si mwezi. Hapo ndipo kifo kinapoingilia."

Mpira ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi. Nilijiuliza mpya utaingiaje kwenye kebo iliyofungwa huku na huku. Kumbe hufunguliwa upande wa injini, baada ya kutiwa alama ili irudi ilivyokuwa. Mkono wa Babu ni mnene, haukupita, wangu ukapita. Nikauvua mpira mkongwe, nikaivisha kebo ule mpya, nikausukuma mpaka ukang'ata ukingo wa bati, akaupaka dawa ya kuziba isiyoogopa moto. Nikarudi chini ya blanketi: giza tupu. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa giza namna ile.

Babu alinifafanulia kwamba katika moshi wa injini mna hewa isiyo na rangi wala harufu. Humlevya mtu polepole, kichwa kikagonga, kumbukumbu ikapotea.

Sasa nikuungamie. Hatukuchungulia pale kwa bahati. Baada ya barua yako niliomba kupanda na mumeo, mimi ninayeogopa hata stuli, nikidai nataka kuona mawingu. Nilikwenda kumnusa. Hakunuka kitu ila sabuni. Tulipotua, mimi ndiye niliyeyumba, nikamwita Babu Spana kwa jina la marehemu baba, nikalia bila sababu. Babu akaninusa mdomo, kisha akaigeukia ndege.

Mumeo alikuficha hali yake kwa hofu. Alidhani anaingiwa na wazimu, na rubani mwenye kichwa kibovu hana kazi. Tulipomwonyesha ule mpira aliuliza jambo moja tu: "Shemeji, hata jina la mwanangu, ni huu huu?" Nikamwambia ni huo. Akaketi juu ya gurudumu, akawa analitaja lile jina taratibu, tena na tena.

Daktari amempumzisha. Hajui kama nakuandikia. Mpira wenyewe nimeutia kwenye bahasha, uushike. Kurudi au kukaa, Mungu akuongoze, mimi sikusukumi. Mwambie mama nimepanda ndege. Atakataa.

Ni mimi dada yako, niliyelewa bila kunywa.