Visu Vyenye Jina la Mama Zaina

Kolwezi, Jumapili asubuhi

Kwa Baba yangu, Mzee Selemani, huko Kasongo,

Asalaam aleikum, Baba. Nakuamkia wewe pamoja na Mama. Magoti yake yanasemaje na mvua hizi? Sisi huku tu wazima. Mkweo Ramazani yuko barabarani na lori lake, mjukuu wako Zaina anakua mpaka sare ya shule imekuwa fupi, na umeme unakwenda na kurudi unavyotaka, ingawa bwawa la Nzilo liko hapo karibu.

Mwili wangu mzima, Baba. Moyo ndio umechoka, na kilichouchosha ni visu.

Unajua niliacha kuuza vitenge nikaanza kuuza vyombo vya jikoni. Wauza nyama na wapishi wa huku wanalia kila siku kwamba visu vya soko havidumu. Nikapata kwenye simu kiwanda kimoja kule China. Wakaniletea visu vitatu vya kujaribu. Nilivijaribu kweli! Nikakata mifupa ya mbuzi, nikaviloweka kwenye maji ya chumvi siku mbili. Havikupinda, havikushika kutu. Nikafurahi, nikaagiza makartoni, nikaomba wapige muhuri kwenye kila kisu: MAMA ZAINA. Nilitaka mji mzima ujue nani ameleta kitu kizuri.

Makartoni yalipofika, vile visu viling'aa mpaka unajiona uso. Nikaviuza bila kuvijaribu. Hapo ndipo nilipokosea, na usinitetee.

Haikupita wiki, Tata Kabamba anayeuza nyama Mutoshi akaja dukani, akakitupa kisu juu ya meza. Ncha ilikuwa imepinda kama ndoana.

"Mama Zaina, hii ni kisu ao ni kijiko? Nyama inaicheka!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Halafu nikasikia habari za Mama Ngoie, anayewapikia wafanyakazi wa machimbo ya Kingamyambo. Alikuwa anakata kuku, mpini ukachomoka, kisu kikamwingia kiganjani. Wakamshona.

Nikawapigia wale wa kiwanda. Msichana wa ofisini anaongea Kifaransa kwa msaada wa simu, kila jibu linaanza na "mteja mpendwa". Nikamwonyesha picha za visu na za ule mkono. Akasema, "Mteja mpendwa, kisu hiki ni kizuri kwa matunda."

Matunda! Baba, nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba huku tunakata mifupa.

Nilipozidi kupiga kelele akaniambia ukweli. Baada ya vile vya kujaribu niliwabana wapunguze bei, nao wakapunguza chuma. Nikamuuliza, "Mbona hamkuniambia?" Akajibu, "Hukuuliza." Nilitamani kuuma ile simu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kweli sikuuliza.

Ramazani, mwenye huruma yake ya ajabu, akanishauri: "Tupeleke kule Nzilo kwa wavuvi. Kule hakuna mutu anakujua." Nikamwambia hata samaki wana miiba.

Nikaenda kwa Mama Ngoie. Nilimkuta ameketi mlangoni, mkono umefungwa, dada yake anamsongea bukari, ugali wa huku. Nikaanza kuwalaani wale wa kiwanda. Akaninyamazisha.

"Mi sina na hasira na bale ba kule. Beko mbali, habanijue. Ni weye uliniangalia mu macho, ukasema kisu hii ni muzuri."

Nikachukua ndoo na jungu lake, nikampikia mboga, nikaosha vyombo, na kesho yake nikarudi. Mpaka leo ninakwenda. Ananisalimu, lakini bado hajanikaribisha kiti.

Kisha nikazunguka soko hadi Mutoshi, mtu kwa mtu, nikivikusanya visu vyangu. Wengine walinitukana, wengine wakanihurumia, na matusi yalikuwa rahisi kuyabeba. Nikavipeleka vyote kwa fundi wa kuchomelea avisage mpaka jina litoke. Alisaga, akapumzika, akaniambia, "Mama, jina njo iko nguvu kupita kisu." Sikumlipa tabasamu.

Sasa sikiliza. Siku ile makartoni yalipofunguliwa, binamu Shabani alikuwa anaondoka kuja huko, nami kwa kiburi nikampa visu vitatu akuletee. Alhamisi nilikupigia simu kukuonya. Nilipaza sauti mpaka jirani akatoka nje, nawe ukanijibu, "Asante mwanangu, Mungu akubariki." Baba, masikio yako hayo!

Wewe ndiye unayewachinjia watu wa mtaa wetu. Kisu kile kitamkwaruza mnyama bila kumkata, atateseka mikononi mwako, na dhambi itakuwa yangu. Vizike vyote vitatu. Mama asivitumie hata kukatia majani ya sombe. Nakuomba usimguse mbuzi wa mtu kwa kisu cha binti yako.

Nisalimie dada Aziza mshonaji, shangazi Mariamu wa ng'ambo ya mto, na mwalimu wa madrasa aliyenifundisha kuandika. Mwambie kalamu bado naishika vizuri, kichwa ndicho kigumu.

Nawabusu mikono nyote wawili.

Binti yako mwenye hasira na aibu,
Mwamini