Mafuriko ya Mshangano

Mama, shikamoo. Simu ilikatika ukiwa bado unalia, basi nakuandikia: sijazama! Yule mwandishi uliyemwona kwenye taarifa ya habari, maji yamemfika kifuani, alikuwa amechuchumaa mtaroni mbele ya nyumba ya shangazi hapa Mshangano. Shangazi akamuuliza, "Baba, unaoga au umepoteza kitu?" Akaombwa anyamaze, na ikiwezekana alie kidogo. Jirani yetu Mzee Komba, ambaye jiko lake liliangushwa kweli na mvua, hawakumtaka. "Mzee, wewe unacheka," mpiga picha alimwambia. Walipoondoka tukaenda kumsimamishia ukuta, akatuchomea mahindi mabichi matamu ajabu. Mwambie baba asije kuniokoa. Akija, alete nazi.

Nakukumbatia,
Rehema wako, mkavu kabisa