Ng'ombe wa Demo

Jumatatu, 1 Septemba

Nimerudi kutoka shuleni, nimevua viatu, nimefungua konsoli. Si kucheza. Kuisafisha. Vumbi la Bunia halina adabu, linaingia kwenye feni hata ukifunika kila kitu kwa kitambaa. Nimelitoa kwa brashi ndogo ya kope niliyonunua kwa harusi ya dada yangu na sijaitumia tena. Mashine hii ilifika kwangu tayari imechoka, kutoka Uganda kupitia Mahagi, na inanguruma kama kinu cha mihogo. Hata hivyo siibadilishi na mpya. Mpya zinataka mtandao kila saa, kama mtoto anayetaka kubebwa. Hii ukiipa diski na umeme, haiulizi kitu kingine.

Baba yuko kwenye kiti chake, uso ukutani. Mwezi wa tatu huu tangu kiharusi kimpate kule kwetu Fataki, alikorudi uzeeni, nikamleta hapa kwangu. Mkono wa kulia umelegea. Kuongea anaweza, amesema kine, yule mtaalamu wa viungo anayekuja kila Jumanne. Hataki tu. Kine amempa mpira wa kubonyeza. Mpira uko chini ya kiti. Vidole visipofanya kazi miezi hii, vitakakamaa hivyo hivyo. Nimeandika hayo ili niache kuyarudia kichwani. Haijasaidia.

Jumatano, 3 Septemba

Maoni yangu kuhusu demo, vipande vya bure vya michezo, hayajabadilika. Demo ni mtu anayekualika mezani, anakuonjesha mchuzi, kisha anaondoa sahani. Hii mpya imechukua siku mbili kushuka kwenye mashine kupitia mtandao wa simu yangu, na ni ya kufuga ng'ombe. Mimi ni mtu wa mpira na magari. Niliichukua kwa sababu ni ya bure. Majani yamepakwa kijani cha sabuni. Ng'ombe lakini wametengenezwa vizuri, wanatembea kama ng'ombe. Unachunga siku tatu za mchezo, halafu wanakufungia na kukuambia ununue mchezo mzima.

Nilikuwa nimekaribia kuuzima. Nyuma yangu sauti ikasema, "Ile iko na mimba."

Nikadhani ni redio ya jirani. Alikuwa Baba. Amegeuza shingo, anaonyesha kwa mkono wa kushoto ng'ombe mweupe mwenye kichwa cheusi. Nikafungua orodha ya mchezo kutazama. Kweli, ana mimba. Baba aliona kabla ya mashine kusema.

Maneno manne. Wiki nzima sikuwa nimesikia hata moja.

Jumamosi, 6 Septemba

Mvua. Baba amenyoosha mkono akitaka maneti, kile kidude cha kuchezea. Nimempa kabla hajabadilisha nia.

Malalamiko yangu ya zamani: maneti zote zimetengenezwa na watu wenye mikono miwili mizima. Kukamua ng'ombe ni kitufe cha nyuma, upande wa kulia. Bonyeza, achia, bonyeza, achia. Huwezi kukifikia kwa kushoto. Nikachukua kidole chake nikakiweka pale. Kikateleza. Nikakirudisha. Ndoo ya kwanza ikamwagika, ng'ombe akapiga teke.

"Simama muzuri, weye mubishi!" Baba akamwambia. Kisha akacheka.

Nilikwenda jikoni nikalia, wala hakukuwa na kitunguu cha kusingizia.

Sasa ng'ombe wana majina. Aliyepiga teke ni Mubishi. Anayetangulia mbele ya wote kifua wazi ni Diretrisi, kama mkuu wa shule yetu. Yule mweupe mwenye kichwa cheusi, mwenye mimba, ni Maseri, kwa sababu amevaa kama mtawa. Wengine sijawashika bado.

Jumanne, 9 Septemba

Kine amekuja. Amekuta mpira chini ya kiti na maneti mkononi. Amemtazama Baba akikamua, amehesabu kitu kimoyomoyo, akasema, "Papa, endelea. Hii ni dawa ile ile, ila iko na maziwa."

Alipokuwa anafunga mkoba Baba akamwomba kipande cha sparadra, plasta ya kidonda. Nikatafuta kidonda sikukiona. Kumbe anataka nikibandike kwenye televisheni, juu pembeni kulia, pale mchezo unapoandika idadi ya ng'ombe.

"Ngombe hatuihesabu," akasema. "Unaiita jina, inakuya."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Utotoni sikuwahi kujua ng'ombe wetu ni wangapi. Mgeni akiuliza alijibiwa, "Wapo." Anayehesabu mifugo ya watu anaiita hasara. Baadaye hasara ilikuja yenyewe bila kuitwa, zizi likabaki majani, nami nikawa mwalimu wa hesabu, mtu anayehesabu tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Nimebandika sparadra. Imenyooka.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa tumecheza demo tena tangu mwanzo. Sijui ni mara ya ngapi. Siku ya tatu, jioni ya mchezo, Maseri amekuwa mzito, anatafuta mahali pa kulala, na hapo hapo skrini inatushukuru na kufunga. Baba anatazama ile shukrani kama mtu aliyetukanwa.

"Wanafunga lupango mbele ngombe izae. Ni watu gani hawa?"

Swali zuri: nani anafunga zizi kabla ng'ombe hajazaa? Nalirudia hapa kwa niaba ya wachezaji wote.

Nimempigia simu shemeji Ukelo, mume wa dada yangu, dereva wa lori Mahagi, atafute diski ya mchezo mzima ng'ambo ya mpaka. Kisha nikamwambia Baba kwamba Maseri atazaa. Ahadi ya kipumbavu. Sijui kama diski ipo, sijui kama mashine yangu itaisoma. Lakini leo kidole chake cha shahada kimebonyeza bila mimi kukishika, na ningeahidi chochote.

Ijumaa, 19 Septemba

Ukelo amefika, diski ndani ya mfuko wa samaki wakavu. Hadi sasa inanuka ziwa.

"Mwalimu muzima na muzee muzima," akasema, "munachunga ngombe ya televizyo!" Baba alimwonyesha Maseri tu, jinsi kiwele kinavyojaa. Ukelo akakaa dakika mbili atazame. Lori lake limesubiri nje saa nzima.

Mashine imeitema diski mara mbili. Jicho lake limezeeka. Mara ya tatu nikailaza ubavu, ikasoma. Nilikuwa nimeogopa kitu kingine: kwamba mchezo mzima utaleta ng'ombe wapya, na Baba aanze kutafuta wake. Hapana. Wameendelea wale wale wa demo, wote wamekuja, Diretrisi mbele. Nimepiga kelele hadi jirani akachungulia. Waliotengeneza mchezo huu nimewasamehe yote, hata yale majani.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimeharibu.

Nilikuwa napangusa vumbi kwenye televisheni, Baba anakamua. Joto lilikuwa limelegeza sparadra, ikatoka na kitambaa. Namba ikabaki wazi: kumi na tatu. Nilikuwa na furaha. Mdomo wangu ulikuwa bado darasani.

"Baba, treize! Maseri akizaa, quatorze!"

Akaweka maneti juu ya paja. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Umeshahesabu," akasema.

Jumanne, 23 Septemba

Maseri hataki kula. Amelala, masikio yamelegea, alama ya ugonjwa iko juu ya kichwa chake.

Najua kwa nini. Mvua imenyesha siku tatu ndani ya mchezo, na ng'ombe wanaolala kwenye tope mashine huwapigia kura nani augue. Nimemweleza Baba hayo yote, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa tano. Amenisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza akaniashiria nigeuze kiti kielekee ukutani.

Kine amekuta mikono yote miwili juu ya magoti. Ameutoa mpira chini ya kiti, ameuweka mezani, ameondoka.

Alhamisi, 25 Septemba

Hajagusa maneti. Kidole cha shahada kimeanza kujikunja kurudi ndani.

Mimi nacheza peke yangu kila alasiri ili Maseri apate dawa. Namsikia Baba anasikiliza. Hageuki.

Kurudi kwenye mchezo uliohifadhiwa Jumapili, kabla sijafungua mdomo, ni dakika mbili tu. Maisha yangu yote nimewaita wezi watu wanaofanya hivyo. Nilishapoteza msimu mzima wa mpira kwa penalti moja na sikurudi nyuma. Leo kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Ningebonyeza. Ila Baba anamjua kila ng'ombe kwa anavyopunga mkia, angejua nimemletea Maseri mwingine. Na yeye mwenyewe hakuna wa kumrudisha kabla ya Juni, kabla ya kiharusi. Nimezima.

Nina hasira na mimi mwenyewe. Kwa neno moja la hesabu.

Jumamosi, 27 Septemba

Asubuhi, kabla ya chai, nimemuuliza moja kwa moja. Mtu akihesabu, anatengenezaje?

Alikunywa chai yote kwanza, kwa mkono wa kushoto.

"Anaita majina. Yote. Asiache hata moya."

Nikawasha mashine, nikasimama mbele ya skrini kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Yeye bado anatazama ukuta. Nikaanza. Diretrisi. Mubishi. Maseri. Yule mwenye pembe iliyovunjika, Sudá, yaani askari. "Hapana," ukuta ukasema. "Sudá ni ile iko na alama ku mugongo." Tukaanza upya, maana ukikosea unaanza upya. Mara ya pili nikafika mbali zaidi. Mara ya tatu niliwamaliza wote isipokuwa mmoja.

Ni wa kahawia, mwembamba, anasimama daima karibu na uzio akitazama lango. Sikuwahi kumsikia Baba akimwita. Nilifikiria, nikabahatisha, mwisho nikakiri simjui.

Kiti kikakwaruza sakafu. Baba amekigeuza mwenyewe, kwa mguu.

"Ile ni Mwalimu," akasema. "Inakawia kuingia, inaangalia kwanza kama wengine wote wameingia." Akanitazama. "Ni weye."

Nilikumbuka tulivyoondoka Fataki, wakati ule wa mabaya, wa vita, mimi msichana wa miaka kumi na mbili, nikirudi nyuma mara mbili njiani kutazama nani amebaki. Sikujua kwamba aliniona.

"Ita," akasema.

Nikaita. Mwalimu.

Baba akanyoosha mkono kutaka maneti. Ulikuwa mkono wa kulia.

Jumatano, 1 Oktoba

Maseri amekula.

Jumapili, 5 Oktoba

Mchana mtulivu. Mvua imepita, mabati yanakauka. Maseri amezaa baada ya chakula. Waliotengeneza mchezo hawakuweka muziki wala fataki, ni mbu na majani tu na ndama anayejaribu miguu, na nasema hapa kwamba kwa miaka yote niliyocheza hakuna aliyefanya kitu kizuri zaidi kwa kunyamaza. Ndama ni mweusi mwenye kichwa cheupe, mama yake kinyumenyume. Baba bado anatafuta jina. Amesema hakuna haraka.

Amekamua mwenyewe. Kidole cha shahada kinafanya kazi, cha kati bado kimelala, cha mwisho kimetikisika mara moja au nilitaka kuona hivyo. Nimebandika sparadra mpya, nikiwa nimefumba macho, Baba akinielekeza: juu, kulia, apo.

Ukelo amepiga simu kutoka Mahagi. Amesikia habari ya ndama, anataka kujua sasa ng'ombe wa muzee ni wangapi.

Nikamwambia wapo.