Spika Iliyoelekezwa Mlangoni

Mdogo wangu,

Redio na spika mbili ulizomtumia Mama zimefika. Barua yako haina tarehe, wala ya kuandikwa wala ya kurudi kwako.

Fundi aliziunganisha jana. Mama, akiwa kitandani, akamwambia, "Spika moja ielekeze mlangoni."

"Bibi, hutasikia vizuri."

"Hiyo si yangu. Kitindamimba wangu akirudi, asije akaipita nyumba."

Nilitaka kumwambia kwamba njia unaijua vyema. Badala yake nikamsaidia fundi kuigeuza spika.

Daktari anasema zimebaki siku chache. Mama hagusi chakula. Anauliza tu kama sauti inafika barabarani. Majirani wamelalamika, nami sithubutu kuipunguza.

Njoo uipunguze wewe.

Ni mimi, dada yako mkubwa.