Kasenga haiko marque yako

Mujukuu yangu Mado,

Jambo kwako na kwa batoto kule Liège. Hapa ku commune yetu ya Kenya, mu Katanga, tuko muzima, na dada yako alizaa mwanaume.

Lakini barua yako ilinichoma roho. Eti unataka kuandikisha jina Kasenga ikuwe marque yako ya biashara, uibandike ku samaki ya kukausha unanunuaka huko Bulaya, juu sisi tuko bantu ya Kasenga?

Wakati ya sécession, Katanga ilipojitenga, barabara ya Kasenga ilifungwa. Mujomba wangu, mwenye alikuwa anauzisha na mama, akaleta samaki ya fasi ingine ku soko, akaita: "Samaki ya Kasenga!" Mama akavunja moja, akanusa. Haikuwa moshi ya kwetu.

Mujomba akasema: "Nilizaliwa Kasenga, jina ni yangu!"

Mama akamwanga kitunga yote mu matope. "Jina ni ya bamama bote banakaushaka samaki kule. Wewe peke yako hauwezi kuiuzisha!"

Siku ile tulikula bukari, ile ugali yetu, na chumvi tu.

Jaribu kubandika jina ya muji ya bazungu ku fromage, ile jibini yabo, ya fasi ingine, batakushitaki ku tribunal. Yetu ndio ya kuokota?

Andika Mado ku samaki yako. Samaki ikioza, batukane Mado, basitukane bale bamama.

Kambo yako