Ng'ombe Waliolala Kwenye Chupa

Somanda,
Bariadi.
21 Septemba 2025

Mpendwa Dada Anyes,

Mwadila, dada. Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Sisi ni mhola, ila mvua bado haijaonyesha dalili na vumbi limetuingia mpaka kwenye chumvi. Je, wewe hali yako? Miguu imeacha kuvimba? Shemeji Januari ameizoea baridi ya Songea, au bado analala na soksi? Na Gloria ameota meno mangapi? Ile video uliyotuma mama ameitazama mpaka simu ikapata moto. Anadai kicheko cha mtoto ni cha kwetu kabisa.

Uliponipigia kuuliza rangi ya kitenge cha harusi yangu, nilikata nikakuandikia kwamba chaji imeisha. Chaji ilikuwepo. Mama alikuwa ameketi karibu anachambua choroko, na jambo hili siwezi kulisema mbele yake. Ndiyo maana naandika, na barua hii nampa mtu wa basi.

Dada, harusi haipo. Ng'washi ameolewa mwezi uliopita, na aliyemwoa si mimi.

Unajua desturi yetu. Ng'ombe waliokuja kwa ajili yako ndio waliokuwa wa kunioza mimi, na tangu zamani ulijua ningewapeleka Zagayu, kwa Mzee Mboje, baba yake Ng'washi. Usilolijua ni alichokifanya baba ulipokwisha kuondoka. Kwenye sherehe yako ilifunguliwa shampeni, unakumbuka, kizibo kikampiga mpiga picha. Baba aliulizia bei ya ile chupa, akaambiwa, na akaambiwa pia kwamba imetoka Mwanza kwa basi. Akaichukua ikiwa tupu, akaiweka juu ya kabati, akawa anaitazama kila akinywa chai.

Mvinyo wa rozela wa mama ulikuwa umeshashuka bei, maana siku hizi kila jumuiya ya akina mama ina ndoo yake. Baba akasema, kama maharusi wote wa Bariadi wanataka mapovu, kwa nini mapovu yapande basi? Tuwatengenezee hapa hapa, ya rozela. Kwa maneno lilikuwa jambo jepesi.

Kumbe rozela ni kitu kidogo kabisa katika biashara ile. Kinachokula hela ni chupa, kwa sababu mapovu yana nguvu na chupa hafifu inapasuka. Tulianza na zile za kuokota kumbini, zikawa zinalia ghalani moja baada ya nyingine, mama akadhani tunavamiwa. Chupa nene mpya zinatoka nje ya nchi, na wakala wa Mwanza hauzi chache. Unachukua mzigo mzima au unaondoka. Kuna vizibo, kuna waya wa kuvifunga, kuna stempu za kodi. Na juu ya hayo yote kuna muda. Mvinyo huo unautia sukari na hamira mara ya pili, ndani ya chupa yenyewe, unaziba, unaulaza mahali pa baridi, na humo ndimo mapovu yanamotokea, kwa mwendo wake. Hela yako yote imelala pale na huwezi kuiamsha. Ukifungua mapema umeuza maji mekundu makali, kwa bei isiyolipa hata ile chupa.

Baba hakuninyang'anya, naomba uelewe hivyo. Aliniita, tukakaa na mama, tukakubaliana ng'ombe wauzwe tununue chupa, na baada ya mwaka warudi zizini na nyongeza. Alisema ng'ombe akilala anacheua tu, lakini chupa ikilala inazaa. Nilicheka na nikakubali. Ng'washi naye alikubali. Alikuja kuchuma rozela pamoja nasi, vidole vikawa vyekundu kwa wiki nzima, Jumapili akavificha ndani ya kanga kanisani kama mtu aliyeiba.

Tukachimba chini ya lile ghala la zamani la pamba, tukazilaza chupa humo. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza, kila siku kidogo, na mwishoni kuziinamisha kichwa chini ili mashapo yashuke shingoni. Nilizijua kuliko ndugu zangu. Pasaka tulifungua moja kuijaribu. Ilikuwa bado, inauma ulimi kama embe changa. Baba akaifunika kwa kiganja, akasema tungoje.

Baada ya Pasaka ndipo Mzee Mboje alipokuja. Aliuliza kwa adabu ng'ombe wako wapi. Baba hakuwa na la kuficha, akamshusha shimoni na tochi, mimi nikiwa nyuma yao. Akamwonyesha zile chupa zimelala mistari kwa mistari.

"Ng'ombe zako ndizo hizi, ng'wanawane," baba akamwambia. "Zinalala tu kidogo."

Mzee Mboje akaigusa moja, akaipangusa vumbi. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Hizi hazina mikia, Ngeleja. Jioni nitazihesabuje? Nina vijana wawili nyumbani wanangoja ng'ombe za dada yao. Na wao niwaambie zinalala?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, dada. Mimi nilikuwa nangoja chupa, wadogo zake Ng'washi walikuwa wananingoja mimi, na kuna wasichana wawili mahali fulani walikuwa wanawangoja wao. Shimo letu lilikuwa limewalaza watu wote hao. Baba alipiga hesabu upya, akasema tukiuza zilivyo tutapata ng'ombe watatu, tena wa kukonda. Kwa Mzee Mboje watatu ni sawa na hakuna.

Ng'washi alikuja kuniambia mwenyewe. Alisema yeye angengoja hata mwaka mwingine, lakini wadogo zake wameacha kumsalimia. Alilia. Mimi sikulia mbele yake, nilikwenda kugeuza chupa, nikalilia huko chini. Wahenga walisema subira yavuta heri, ila hawakusema inamvutia nani.

Aliyemwoa anaitwa Shigela, mkulima wa mpunga wa Mwamanyili. Alikuja na ng'ombe wa kutembea kwa miguu yao. Nimeuliza sana habari zake nikitafuta ubaya. Ni mtu mwema.

Mwezi wa nane mvinyo ukaiva. Na oda yetu ya kwanza kubwa, dada, ilitoka kwenye kamati ya harusi ile. Walikuwa wamesikia tu kwamba Bariadi sasa kuna shampeni. Mama alitaka tukatae. Baba alichora chora chini kwa fimbo. Mimi ndiye niliyesema tupeleke, kwa sababu wengine wangeuliza kwa nini tulikataa, na ningejibu nini?

Nikazipeleka mwenyewe kwenye barafu, maana zikipata joto zinatema. Nilikusudia kuziacha mlangoni nirudi. Lakini bwana harusi hakuwahi kufungua shampeni maishani mwake, alishindana na kizibo mpaka watu wakaanza kucheka, na MC akaita mtaalamu apite mbele. Nikapita. Nikamwambia ashike kizibo akitulize, azungushe chupa. Kikatoka kwa sauti ndogo tu, kama inavyotakiwa, na povu jekundu likapanda taratibu mpaka ukingoni mwa glasi, lisimwagike. Ukumbi ukashangilia.

Ng'washi akanywa. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Imelala vizuri," akasema, kwa sauti ya kusikia mimi na yeye tu.

Nikachukua ndoo yangu ya barafu nikatoka.

Tangu siku ile simu ya baba haipumziki. Kumbi zote zinataka. Jumamosi iliyopita amenunua ng'ombe, wote aliouza na wawili zaidi, mmoja ana mimba. Hesabu yake ilikuwa sahihi, dada, na ndiyo maana sina wa kumlaumu. Alisema baada ya mwaka, ikawa mwaka na miezi michache. Wamesimama zizini wanatafuna, naye anapita kuwalisha bila kunitazama usoni. Jana aliniambia nianze kutafuta mtu. Nilimjibu sawa, baba.

Kile kitenge, kama hujanunua, acha. Kama umenunua, mshonee Gloria gauni, liwe kubwa kidogo akue nalo.

Mama, baba na shangazi Domitila wa Bukundi wanakusalimu sana. Nisalimie shemeji Januari. Mungu awatunze huko ugenini, amkuze Gloria, na siku yake itakapofika, pasiwe na mtu wa kumwambia angoje.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Mashimba